Vita Vilivyobebwa Kichwani

Katikati ya mwaka 1914 Dar es Salaam ilikuwa inajiandaa kwa sherehe. Reli ya kati ilikuwa imeshafika Kigoma, na Wajerumani walitaka wageni waje waone walichokijenga katika koloni lao kubwa kuliko yote. Maonyesho yalipangwa kufunguliwa mwezi Agosti, na upande wa mji walikokaa Waafrika likasimamishwa jumba kubwa la soko. Sherehe hazikufanyika. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza, Astraea, ilitokea baharini ikaupiga mizinga mnara wa simu ya upepo. Wenye mji wakajua kwamba ugomvi ulioanza Ulaya siku chache tu zilizopita umeshafika mlangoni kwao.

Miaka miwili baadaye Waingereza waliuteka mji, na jumba lile likawa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho kwa lugha ya wenyewe kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo kwa namna iliyowakalia vizuri mdomoni: Kariakoo. Nairobi nako kambi ya namna hiyohiyo iliacha mtaa wa Kariokor. Kila siku maelfu hupita Kariakoo wakitafuta vitenge, simu na dagaa, na ni wachache wanaojua kwamba wanataja jina la kikosi ambacho watu wake wengi hawakurudi makwao. Historia ya vita hivi imezoea kusimuliwa kwa majina ya majenerali. Nitawataja, kwa kuwa haiwezekani kuwakwepa, lakini macho yangu yako kwa waliobeba.

Mistari ya Berlin, 1884–1890

Kwa upande wetu wa dunia, kuni za moto ule zilianza kupangwa miaka thelathini kabla ya 1914. Mwishoni mwa 1884, wakati wajumbe wa dola za Ulaya wakiwa Berlin kwenye mkutano wa kuwekeana masharti ya kuigawana Afrika, kijana wa Kijerumani aitwaye Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwafanya wakuu wa huko watie alama kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Februari 1885 Kaisari alizipa karatasi hizo ulinzi wa dola yake. Sultani Barghash wa Zanzibar alipolalamika kwamba nchi ile iko chini yake, manowari za Kijerumani zilikuja zikatia nanga mbele ya jumba lake mwezi Agosti mwaka huohuo.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mpaka kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, wakaupindisha ili Kilimanjaro ubaki upande wa Mjerumani. Hapa niitoe hadithi moja ambayo bado inafundishwa hata na watu wazima: kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huo kama zawadi ya sikukuu ya kuzaliwa. Si kweli. Wilhelm alikuwa Kaisari mwaka 1888, na mpaka ulikuwa umeshachorwa miaka miwili nyuma. Mlima ulikwenda kwa mapatano ya ofisini, na ndivyo ilivyokwenda nchi yote. Mwaka 1890 Mjerumani alikubali Zanzibar na Pemba ziwe chini ya Mwingereza, naye akapewa kisiwa kidogo cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini.

Kati ya mapatano hayo na vita ya 1914 kuna mambo ambayo kila moja linastahili kitabu chake: Abushiri aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, Mkwawa wa Wahehe aliyeliangamiza jeshi la Kijerumani Lugalo mwaka 1891, na Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambamo njaa iliyoletwa makusudi iliua watu wengi kuliko risasi. Nchi za kusini zilikuwa hazijapona majeraha hayo Wazungu walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe.

Nani aliitaka vita? 1914

Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kifungu kilichoruhusu makoloni ya bonde la Kongo na jirani zake, mpaka Bahari ya Hindi, yaachwe nje ya vita vya Ulaya. Gavana Heinrich Schnee wa upande wa Kijerumani alikitegemea kifungu hicho. Alikuwa na reli, mashamba ya mkonge na kodi za kukusanya, na alijua kwamba vita vingeharibu vyote. Ubelgiji nayo mwanzoni ilipenda Kongo isiguswe.

Walioshinda hoja walikuwa wengine. Waingereza hawakutaka bandari za Kijerumani zihifadhi manowari za adui kwenye njia ya India. Kamanda wa jeshi la Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika Dar es Salaam Januari 1914, alikuwa na hesabu yake. Alijua hawezi kulilinda koloni. Aliona hata hivyo kwamba kila askari wa Kiingereza atakayelazimika kumfukuza huku, atakosekana kwenye mahandaki ya Ufaransa. Kwa maneno mengine, nchi nzima na watu wake walikuwa chambo. Tarehe 15 Agosti watu wake waliiteka Taveta, upande wa Mwingereza, na siku saba baadaye meli yao ikaishambulia Lukuga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mbelgiji naye akaingia vitani.

Von Lettow alikuwa na Wazungu kama 260 na askari Waafrika kama 2,500. Keya, yaani King's African Rifles wa upande wa pili, hawakufika 2,500. Majeshi yote mawili yalikuwa yameundwa kwa ajili ya kuwapiga wenyeji waliokataa kodi, na sasa yaligeuziana mitutu. Wanaume waliokuwa wakielewana kwa Kiswahili walitazamana kupitia shabaha za bunduki, kila mmoja akitumwa na bwana wake.

Waafrika hawakukaa kimya. Pwani ya Kenya, Wagiriama, ambao Mekatilili wa Menza alikuwa amewaapisha tangu 1913 wakatae kutoa vijana wao kwa kazi za serikali, walipigwa na Keya mwezi Agosti huohuo wa 1914, na nyumba zao zikachomwa. Nyasaland, mchungaji John Chilembwe aliandikia gazeti mwezi Novemba akiuliza kwa nini Waafrika wafe katika ugomvi usiowahusu, wakati nyakati za amani hakuna anayewakumbuka. Januari 1915 aliongoza maasi. Aliuawa Februari 3. Swali lake halikujibiwa.

Tanga, Novemba 1914

Tarehe 2 Novemba msafara wa meli za Kiingereza ulitokea mbele ya Tanga ukiwa na watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi waliokaa baharini wiki kadhaa katika joto na kichefuchefu. Badala ya kushuka mara moja, kapteni wa manowari Fox aliwaarifu kwanza wenye mji kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamevunjwa. Ilikuwa adabu ya kijeshi iliyogharimu roho za watu. Wakati wanashuka kwa shida kwenye mikoko ya Ras Kasone, von Lettow alikuwa anawapakia watu wake kwenye mabehewa ya reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi.

Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4. Wanajeshi walipita katikati ya mashamba ya minazi na mpira, ambako hakuna aliyeona zaidi ya hatua chache mbele yake. Wakashmiri na Wagurkha waliingia mpaka mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba. Kisha bombomu za Kijerumani zikawapiga ubavuni. Risasi zilipoichana mizinga ya nyuki iliyokuwa imetundikwa kwenye miti, nyuki waliwashukia watu wa pande zote mbili bila kuchagua, na wapo waliokimbilia baharini wakijipiga usoni kwa mikono. Waingereza wakasema baadaye kwamba Mjerumani aliwatega nyuki kwa kamba. Hakuna aliyewatega.

Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa pili aliuawa Tom von Prince, ambaye Waswahili walimwita Sakarani, mtu aliyempiga vita Mkwawa miaka ya 1890. Meli zilipoondoka ziliacha ufukweni mamia ya bunduki, bombomu kadhaa na risasi zaidi ya nusu milioni. Kwa mali hiyo Mjerumani aliweza kupigana mwaka mzima uliofuata. Januari 1915 alishinda tena Jassin, karibu na mpaka wa pwani, lakini alipohesabu maofisa waliokufa na risasi zilizotumika akaona kwamba ushindi mwingine wa bei hiyo utammaliza. Tangu hapo alipigana kwa kuvizia, hasa kwenye reli ya Uganda.

Bahari na ziwa, 1914–1916

Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji kama mamba kwenye matope. Ilichukua mpaka Julai 1915 kuimaliza. Mabaharia wake waliitoa mizinga yake 10, ikapandishwa magurudumu na kukokotwa na watu nchi nzima, katika tope na mchanga. Mmojawapo uko Fort Jesus, Mombasa. Ukienda, simama kando yake uukadirie uzito, halafu fikiria kamba begani.

Ziwa Tanganyika lilikuwa na kisa chake. Waingereza walisafirisha mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka London mpaka Afrika ya Kusini kwa meli, kisha kwa reli, kisha kwa kuvutwa porini na ng'ombe, mashine za mvuke na mamia ya wafanyakazi Waafrika, mpaka ziwani. Desemba 1915 ziliikamata meli ndogo ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Ilibaki Götzen, iliyoletwa vipandevipande ndani ya masanduku na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani walipokimbia Julai 1916 waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza, kama mtu anayefunga nyumba akitumaini kurudi. Waingereza waliiopoa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Smuts na mvua, 1916

Februari 1916 uongozi wa jeshi la Kiingereza ulipewa Jan Smuts wa Afrika ya Kusini. Miaka kumi na minne tu nyuma alikuwa Kaburu mwenye bunduki mkononi akipigana na Waingereza haohao. Alikuja na maelfu ya wapanda farasi na nia ya kumzunguka von Lettow. Moshi ilianguka Machi. Jenerali van Deventer alikimbilia Kondoa Irangi, akafika Aprili na masika, farasi wakiwa wamekufa njiani. Mbung'o hawakujali nani ni adui wa nani: farasi, nyumbu na punda waliletwa kwa maelfu, wakafa kwa maelfu.

Wabelgiji walishuka kutoka Kongo, wakachukua Kigali mwezi Mei na Tabora tarehe 19 Septemba. Dar es Salaam ilikuwa imesalimu amri tarehe 4 ya mwezi huo. Tabora ndiko Wajerumani walikowafungia watu waliowatilia shaka, wakiwemo walimu Waafrika wa misheni ya Kiingereza. Miongoni mwao alikuwemo Martin Kayamba, aliyekuja kuandika habari za kifungo hicho. Hukohuko Tabora walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, wakati watu wa kawaida walikuwa wanapewa karatasi zisizokuwa na thamani.

Januari 1917 Smuts aliondoka kwenda London akiutangazia ulimwengu kwamba vita vimekwisha. Havikuwa vimekwisha. Wanajeshi wake Wazungu walirudishwa kwao kwa wingi wakiwa hoi kwa malaria na kuhara, na kazi ikaachiwa Waafrika. Keya ilipanuliwa mpaka ikawa na watu zaidi ya 30,000 mwisho wa vita. Wakaletwa pia wanajeshi wa Nigeria na wa Gold Coast.

Kariakoo, 1917

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Farasi wamekufa, magari yamezama matopeni, reli iko nyuma sana. Kila risasi, kila gunia, kila chupa ya dawa inapaswa kwenda mbele kwa kichwa cha mtu.

Hebu tupige hesabu ambayo maofisa wa posho waliipiga kila usiku. Mpagazi hubeba kama kilo 25. Hula kama kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, atakuwa amekula kilo 20 za mzigo wake, na atakuwa amefikisha kilo tano. Ili kumlisha askari mmoja aliye mbali, ilibidi kuwe na wapagazi wengi nyuma yake, na nyuma ya hao wapagazi wengine wa kuwalisha wao. Jeshi lilipozidi kwenda kusini, mnyororo ule ulirefuka na kumeza vijiji.

Machi 1917 serikali ya Kenya ilimpa John Ainsworth kazi ya kukusanya wanaume kwa mkupuo. Machifu walipewa idadi, askari wa kabila wakazunguka usiku, na katika miezi michache zaidi ya watu 120,000 wakachukuliwa. Mshahara ulikuwa rupia tano hivi kwa mwezi. Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo nako walikamatwa. Kule kusini waliwaita tengatenga. Kwa vita nzima, walioandikishwa na Waingereza na washirika wao walikaribia milioni moja.

Mtu wa milimani aliyezoea viazi, ndizi na maziwa alipewa unga wa mahindi, sufuria chache kwa watu wengi, kuni mbichi za mvua, na muda mfupi wa kupika. Alikula uji usioiva. Tumbo likaanza kuhara, kisha kuhara damu. Usiku alilala chini kwenye tope akiwa na blanketi moja, kichomi kikaingia. Asubuhi akafunga ngata yake, akainama, akajitwika. Aliyeshindwa kuinuka aliachwa kando ya njia, na mzigo wake ukagawanywa kwa waliobaki. Oscar Watkins, aliyekuwa msimamizi wa idara hiyo ya wapagazi, alizipigania posho na dawa kwa barua nyingi. Lakini barua haifiki haraka kuliko kuhara damu. Takwimu rasmi za Waingereza zinahesabu zaidi ya wapagazi 95,000 waliokufa, na hao ni wale ambao karani aliwahi kuwaandika.

Upande wa Mjerumani hakukuwa na karani. Von Lettow alikwenda akichukua nafaka na watu vijijini, na aliowachukua hawakulipwa. Daktari wake, Ludwig Deppe, aliandika baada ya vita kwamba nyuma ya safari yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa. Kuna vitabu vingi vinavyomsifu jenerali huyu kama simba asiyeshindwa. Sikubaliani navyo. Mtu anayekula mbegu za wakulima ili aendelee kukimbia hajashinda chochote kinachostahili sifa.

Ugogo ilipitiwa na majeshi yote mawili, kila moja likichukua ng'ombe, mtama na wanaume. Mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, na katika wilaya ya Dodoma peke yake inakadiriwa iliua watu 30,000. Rwanda nayo ilikuwa na njaa yake, Rumanura. Halafu, mwishoni mwa 1918, ikaja homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, ikawakuta watu ambao miili yao haikuwa na akiba yoyote.

Kuvuka Ruvuma, 1917–1918

Mapigano makubwa ya mwisho yalikuwa Mahiwa, bara ya Lindi, Oktoba 1917. Kwa siku nne Wanigeria na Keya walipambana na askari wa Mjerumani kwa karibu sana, na Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000. Von Lettow alishinda, lakini hakuwa na risasi wala chakula cha kukaa. Aliwaacha wagonjwa na majeruhi, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kuingia koloni la Mreno, akiwa na askari kama 1,700. Ng'ambo aliikamata ngome ya Ngomano na kujaza tena mikoba. Mreno hakuwa na wa kumlilia, maana mwaka huohuo watu wa Barue walikuwa wameasi dhidi yake kwa sababu ya kukamatwa wapagazi.

Karibu mwaka mzima walizunguka Msumbiji, wakarudi kupitia Songea na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Habari ya kusimamishwa vita Ulaya tarehe 11 Novemba ilimfikia von Lettow siku mbili baadaye, karibu na Kasama. Tarehe 25 Novemba 1918 alisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,156, pamoja na wapagazi, wake na watoto waliofuatana na safari. Yeye alirudi Berlin akapokewa kwa shangwe. Askari wake walipelekwa kambini Tabora.

Kugawana upya, 1919 na baadaye

Mkutano wa amani huko Versailles uliichukua nchi kutoka kwa Mjerumani na kuigawa. Waingereza walipata sehemu kubwa, wakaiita Tanganyika mwaka 1920. Wabelgiji waliondoka Tabora na Kigoma wakabaki na Ruanda na Urundi. Mreno alipewa pembe ndogo ya Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma. Hakuna mkulima wa Ugogo wala mpagazi wa Nyanza aliyeulizwa. Kenya, sheria ya kipande iliyopitishwa 1915 ilianza kutekelezwa baada ya vita, na mwanaume mzima akavikwa shingoni karatasi ya alama za vidole vyake. Dola ilikuwa imejifunza kuwahesabu watu ili kuwachukua.

Lilipofika suala la kuwalipa, hesabu ilipotea. Wapagazi wengi walikufa bila warithi wao kujulikana, na mishahara yao ikabaki hazina. Watkins alitaka fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ilikataa.

Dar es Salaam, mahali iliposimama sanamu ya Wissmann, mtu aliyempiga vita Abushiri, Waingereza waliweka sanamu ya askari mwaka 1927. Nairobi waliweka sanamu tatu, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Hana jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao popote, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Ikaomba radhi.

Kama kwenu kuna mzee anayekumbuka kusimuliwa juu ya babu aliyechukuliwa kwenda Kariakoo asirudi, kaa naye wiki hii. Andika jina la huyo babu, la baba yake, na la kijiji alikotolewa. Daftari lenye majina yao yote halijapatikana mpaka leo.